Mstari wa Wino Kati ya Akina Casey Wawili

Vijana wangu, mnaniambia siku hizi mtu anatema mate kwenye kichupa, anakipeleka posta, na baada ya wiki chache kompyuta inamweleza babu zake walitoka wapi. Hongereni. Mimi nilifanya kazi ya kutafuta koo za watu hapa Brussels kwa zaidi ya miaka ishirini bila kuomba mate ya mtu, na kosa langu kubwa kuliko yote nililifanya kwa kalamu ya wino, siku ya Jumapili, nikiwa nimevaa tai. Mpaka leo nikipita mtaa wa Forest kwenye tramu nashusha pumzi. Kidogo tu ningekuwa mtu aliyevunja ndoa ya watoto wawili wasio na hatia, na sijui ningekaa mbele yenu kwa uso gani.

Naitwa Kambale. Kwetu Butembo, mashariki ya Kongo, jina hilo hupewa mtoto wa kiume wa pili, katika kila nyumba ya Wanande. Wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, na kuendelea hivyo. Ukisimama sokoni ukaita Kambale, wanaume kibao watageuka, na hakuna atakayedhani kwamba yule wa pembeni ni ndugu yake kwa sababu ya jina. Likumbukeni hilo, kwa sababu mimi nililisahau.

Ofisi yetu ilikuwa Porte de Namur, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mawigi. Mwenye ofisi alikuwa Madame Godelieve, mama wa Kiflemi aliyekuwa na jozi mbili za miwani, moja ya kusomea na moja ya kutazamia wateja. Niliingia pale kama mfagiaji. Siku moja alinikuta nimesimama na ufagio nikisoma maandishi kwenye masanduku, akaniambia kama najua kusoma basi niyapange. Niliyapanga. Mwezi uliofuata aliniweka mbele ya mashine ya kusomea filamu za vitabu vya ubatizo. Asubuhi ya kwanza nilitia filamu kinyume, nikakaa saa tatu nzima nikinakili majina kutoka kulia kwenda kushoto, nikidhani Kilatini ndivyo kilivyo. Madame alicheka mpaka akavua miwani zote mbili, maana siku hiyo alikuwa amezivaa pamoja.

Alikuwa na amri moja. Kisichothibitishwa huandikwa kwa penseli. Wino ni kwa kile ulichokiona kwa macho yako katika karatasi mbili zisizotoka kwa mtu mmoja. Aliirudia kila siku, na mimi kila siku niliitikia, "Ndiyo, Madame," kama watu wanavyoitikia mambo waliyokwisha kuyazoea.

Mimi nilipewa kabati la Waayalandi. Hakuna mwingine aliyelitaka. Zamani za kale wanajeshi na mapadri wengi wa Ayalandi walikimbilia nchi hizi za Ubelgiji, wakaacha wajukuu, na wajukuu hao walikuja kwetu kuuliza jina lao lilitoka wapi. Shida ya Waayalandi ni kwamba majina ni machache na watu ni wengi. Katika parokia moja utakuta akina John thelathini, wote wa jina moja la ukoo, wote wakulima wa viazi. Wao wenyewe walikuwa na dawa yake: tawi hili waliliita la wekundu, kwa sababu ya nywele, na lile la weupe, ili mwenye barua aipate. Lakini padri hakuandika hivyo kila mara. Na kumbukumbu nyingi za serikali yao ziliungua Dublin katika vita vyao, kwa hiyo ulibaki na vitabu vya kanisa, macho yako na uvumilivu.

Madame alinifundisha njia. Usimfuate baba, maana baba wote wana jina moja. Mfuate mama, kwa sababu katika vitabu vile mama huandikwa kwa jina la kwao. Watazame wasimamizi wa ubatizo, maana mtu hasimamiwi na mgeni. Na angalia majina ya watoto yanavyofuatana: katika familia za zamani, mtoto wa kiume wa kwanza alipewa jina la baba wa baba, wa pili jina la baba wa mama, wa tatu jina la baba mwenyewe. Nilipoambiwa hivyo nilicheka, nikamweleza habari ya Paluku na Kambale. Akasema, "Basi wewe utawaelewa Waayalandi kuliko mimi." Nikavimba kichwa kwa wiki nzima.

Sasa niwaeleze kuhusu Béatrice. Alikuwa muuguzi, binti wa Papa Anselme wa Forest, aliyekuwa akiyafungia magari milango kiwandani. Papa Anselme nilimfahamu kanisani. Alikuwa mtu wa damu mbili. Baba yake, Michael Casey, alikuwa Mwayalandi aliyesimamia shamba la kahawa kule kwetu enzi za ukoloni. Alimzaa Anselme na mama Mnande, akamwandikisha kwa jina lake misheni, na mtoto alipokuwa na miaka mitatu akapanda meli kwenda likizo. Hakurudi. Watu walisema amekimbia.

Ninyi mliozaliwa huku labda hamjui uzito wa jambo hilo. Kwetu mtoto hufuata ukoo wa baba. Wajomba zake Anselme walimpenda na kumlisha, lakini siku za mambo ya ukoo, kila mtu alipokwenda kukaa na wake, yeye hakuwa na upande wa kukaa. Alichokuwa nacho ni lile jina, Casey. Enzi za Zaire, majina ya kigeni yalipokatazwa, aliliacha kwenye karatasi za misheni tu, akaitwa Paluku, na alipofika Ubelgiji alihangaika mpaka akalirudisha. Jina hilo ndilo lilikuwa ukoo wake wote.

Halafu Béatrice akaleta mchumba. Kijana mpole, mwenye madoadoa usoni, mfasiri katika ofisi za Ulaya, Mwayalandi kutoka Limerick. Alijifunza kusema "Jambo, papa," na kula fufu, ugali wetu wa muhogo, kwa vidole ingawa alijiunguza. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka Papa Anselme alipomwuliza jina lake kamili. Declan Casey.

Kwa Papa Anselme mambo yaliishia pale. Casey na Casey ni ukoo mmoja, na watoto wa ukoo mmoja ni kaka na dada. Béatrice alilia, Declan alieleza, mama yake Béatrice, Maman Joséphine, alibembeleza. Mwishowe mzee alitoa njia moja, kwa Kiswahili chetu cha Kongo chenye Kifaransa ndani. "Bon," alisema, "tonton Kambale anafanya kazi ya kutafuta bakoo. Ye atatuambia. Akisema ni bantu mbalimbali, nitabariki. Akisema ni bamoja, mambo imeisha."

Mnaona nilivyowekwa? Neno langu lilikuwa ndoa yao. Mtu mwenye akili angeogopa. Mimi nilifurahi.

Béatrice alinipa alichokijua: Michael Casey, Mwayalandi, alizaliwa mwanzoni mwa karne ya ishirini. Declan akaniambia kwamba babu yake alikuwa na ndugu aitwaye Michael aliyekwenda Afrika na hakurudi. Nikaagiza filamu ya parokia yao ya Limerick. Jumamosi ya pili nikamwona: Michael, mtoto wa Patrick Casey, miaka inalingana. Michael mmoja, Afrika moja. Nikaona nimemaliza.

Na Papa Anselme mwenyewe, je, nilimuuliza? Sikumuuliza. Hapa ndipo palipo na kosa langu lenyewe, na ni kosa la mtu wa kwetu. Humkalishi mtu mzima ukaanza kumuuliza habari za baba aliyemwacha. Ni aibu kwake na ni utovu wa adabu kwako. Kwa hiyo nilitafuta Ayalandi nzima na kumruka mtu aliyekuwa anakaa vituo vichache vya tramu kutoka ofisini kwangu. Niliiita heshima. Ilikuwa woga.

Nilichora mti wa ukoo kwenye karatasi kubwa nzuri. Patrick juu, chini yake wana wawili, Michael na babu wa Declan, na kutoka kwao matawi mawili mpaka kwa wachumba. Mstari uliowaunganisha wale ndugu wawili niliupiga kwa wino mweusi na rula. Halafu Jumapili, baada ya misa, nikaufunua mezani Forest, kando ya sombe, yaani kisamvu, na samaki, nikaanza kueleza kwa sauti ya profesa. Nilikuwa najivunia kazi yangu kiasi kwamba sikuona nyuso zao mpaka nilipofika chini ya karatasi.

Papa Anselme alifuata mstari ule kwa kidole. "Donc, basi, babu yake na baba yangu balizaliwa tumbo moja."

"Karatasi ndivyo zinavyosema, papa," nikajibu. Karatasi zilikuwa hazijasema hivyo. Mimi ndiye niliyesema.

Declan alieleza kwa upole kwamba hata kama ni kweli, sheria inaruhusu undugu wa mbali namna hiyo. Mzee hakupandisha sauti. "Sheria iko ya Ubelgiji," alisema. "Ukoo iko yangu. Mutoto yangu hawezi kuolewa na ndugu yake."

Béatrice akavua pete, akaiweka kando ya sahani, akaenda chumbani. Maman Joséphine akaichukua, akaenda nayo jikoni. Mimi nilibaki nimeshika rula yangu. Nilirudi nyumbani kwangu Laeken, karatasi yangu imekunjwa kwapani.

Jumatatu Madame aliniona tu akajua. Nikamfungulia karatasi. Akavaa miwani ya kusomea.

"Mama yake Michael ni nani?"

Sikujua, sikuwa nimeandika.

"Wasimamizi?"

Sikujua.

"Yule mzee wa Forest, baba yake alimwachia nini?"

"Sikumuuliza, Madame. Kwetu si adabu."

"Lakini kumvunjia binti yake ndoa ni adabu?"

Akaenda kabatini, akarudi na kadi ya jina Casey, akanisomesha kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Zamani sana, ilisema kadi, kulikuwa na jina la mtu, Cathasach, maana yake mwenye kukaa macho. Lilikuwa jina la kawaida, kila pembe ya kisiwa ilikuwa na mtu wake wa jina hilo. Wajukuu wa kila mmoja wakajiita "wa mjukuu wa Cathasach." Hivyo ukoo mmoja ulianzia karibu na Dublin, mwingine Limerick, mwingine Cork, mwingine Mayo, mwingine Roscommon ambako walitunza ardhi ya kanisa, na mwingine Fermanagh, na hakuna uliokuwa wa damu moja na mwenzake. Baadaye makarani wa Kiingereza waliwaandika wote Casey, basi.

"Nani aliandika kadi hii?" Madame akauliza.

Ilikuwa hati yangu. Niliiandika mwenyewe, miaka miwili kabla.

"Butembo kuna Kambale wangapi?"

"Wengi, Madame."

"Wote ni ndugu zako?"

Alinipa penseli na ruhusa ya kutoka mapema Ijumaa.

Ijumaa ile mchana nilibisha hodi Forest. Papa Anselme alikuwa zamu ya asubuhi, kwa hiyo nilimkuta. Nilikuwa nimejizoeza maneno mazuri kwenye tramu, na yote yakanipotea mlangoni. Nikasema tu, "Papa, nisamehe. Nilichora bila kukuuliza. Nimekuja kukuuliza juu ya baba yako."

Aliufungua mlango wote. Halafu akasema, "Tangu nizaliwe, hakuna muntu aliniuliza juu ya papa yangu. Bote banaogopa, kama vile niko na ugonjwa." Akaniita ndani.

Alileta kitabu cha sala, kidogo, ngozi yake imepasuka. Mama yake alimwachia. Ndani yake mlikuwa na kadi ya maombolezo, zile zinazochapishwa mtu akifa: mwombeeni John Casey, wa kijiji fulani cha Roscommon. Roscommon, vijana wangu, si Limerick. Nilitaka kushangilia palepale, lakini safari hii nilijizuia.

"Papa, wewe jina lako la ubatizo ni Anselme?"

"Ni Jean Anselme. Anselme, père, ule padri wa misheni, aliiongeza yeye mwenyewe. Jean, maman alisema papa ndiye aliitaka. Alikatala kabisa jina ingine."

Nikamweleza ile kanuni ya majina. Mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la baba wa baba. Kama Michael alishikilia mtoto aitwe Jean, yaani John kwa Kifaransa, basi huenda baba yake mwenyewe aliitwa John, kama kwenye kadi hii, na hakuwa mtoto wa Patrick wa Limerick hata kidogo.

Nilidhani atafikiria harusi kwanza. Hakuifikiria. Aliishika ile kadi kwa vidole viwili, vidole vya mtu wa kiwandani, akauliza polepole, "Donc alinihesabu?"

"Alikuhesabu, papa. Wa kwanza wa nyumba yake. Kama vile Paluku."

Akageukia dirisha. Mimi nikasoma kitabu cha sala kwa Kiingereza nisichokielewa, ili kumpa nafasi.

Lakini hiyo bado ilikuwa penseli, na nilimwambia hivyo. Niliandika barua kwa padri wa kijiji kile. Declan naye akaandika kwa shangazi yake Limerick, atafute chochote kuhusu yule Michael wao. Tukangoja. Siku hizo barua ilikwenda kwa mwendo wake, na kila asubuhi nilishuka ngazi ghorofa tatu kumwahi mleta barua kabla hajapanda. Mwenye duka la mawigi alidhani nina mpenzi wa siri.

Shangazi alijibu kwanza. Alipata barua za zamani kwenye bati la biskuti: Michael wa Limerick alifanya kazi ya reli Afrika Kusini, akaoa huko, akazikwa huko. Afrika yote ile, kwa watu wa kijiji chao, ilikuwa mahali pamoja tu. Na mimi, Mwafrika mzima, niliwafuata.

Bahasha ya padri ilikuja baadaye, nene. Sikuifungua. Niliibeba mpaka Forest Jumapili, nikaiweka mezani mbele ya wote, Béatrice na Declan wamekaa pande mbili za chumba kwa amri ya mzee. Nikasema safari hii mimi sielezi kitu, barua isomwe kama ilivyo. Declan akasoma, akafasiri neno kwa neno. Michael Casey, mtoto wa John na Honora. Wasimamizi, ndugu wa mama. Ukoo wao ulikuwa palepale tangu zamani, na hakuna wa Limerick kati yao. Alirudi kutoka Kongo akiwa mgonjwa wa kifua, akazikwa kando ya baba yake, na kitabu cha mazishi kinasema hivyo hivyo, "wa Kongo." Mwaka aliozikwa ulikuwa ule ule aliopanda meli.

Papa Anselme alimwomba Declan arudie sehemu ya mwisho, akairudia.

"Hakukimbia," mzee akasema. "Alikufa." Sijawahi kuona mtu anafarijika namna ile kwa habari ya kifo. Alikaa na miaka yake zaidi ya hamsini, machozi yanamtiririka, anatabasamu. Halafu akakumbuka kwamba kuna watu wengine chumbani. "Maman Joséphine, ile pete iko wapi?"

"Iko ndani ya kopo ya sukari," akajibu kutoka jikoni. "Minangojea tu mumalize kusoma."

Kwa kweli siku ile nilikula sombe sahani tatu. Ile karatasi yangu ya kwanza Papa Anselme aliniomba niichane mwenyewe, nikaichana vipande vidogo vidogo, na Béatrice akavifagia akicheka. Nikachora nyingine: miti miwili mbali mbali, wa Roscommon na wa Limerick, na chini kabisa mstari mmoja wa kuiunganisha, wa ndoa. Walifunga ndoa Forest, kwenye manispaa na kanisani, na Madame Godelieve alicheza ndombolo akiwa amevaa miwani ya kutazamia wateja.

Mtoto wao wa kwanza wa kiume aliitwa Thomas, jina la baba yake Declan, kama kanuni inavyotaka, na kwetu akawa Paluku. Baada ya miaka michache nikaitwa tena Forest, kwenye ubatizo wa wa pili. Papa Anselme alikuwa ameutandika ule mti mezani, akanionyesha nafasi tupu.

Nikatoa penseli mfukoni, kwa mazoea. Nikauliza kwanza. "Jina lake nani, papa?"

"Wa pili anapewa jina ya baba wa mama, sivyo? Ni Jean. Na kwetu wa pili ni nani?"

Nikajionyesha mwenyewe kwa ile penseli. Akanyoosha mkono, akanipokonya penseli, akaniwekea kalamu ya wino kiganjani.

"Andika Jean Kambale," akasema. "Na wino. Huyu tunamujua."